Vifaranga Mia Nne wa Mwongeli

Mwongeli alitoka Theta kuja dukani kwangu Ruiru kuchukua vifaranga mia moja, akakuta nimemtengea mia nne.

“Mama Emmah, hawa wote nitawalaza wapi? Kitandani kwangu?”

Siku hizi oda hupokelewa na msaidizi wa akili bandia ambaye binti yangu Emmah alimweka kwenye simu ya duka. Mwongeli alikuwa amemuuliza mara tatu kama vifaranga wake wako tayari, na kila mara msaidizi akamwongezea mia.

“Emmah, mmoja wenu anafutwa kazi leo,” nikasema. “Na wewe nimekuzaa.”

“Mum, ngoja! Ana vifaa viwili tu, cha kusoma oda na cha kuandika oda. Sijui kwa nini anachagua vibaya.”

“Nionyeshe ulivyomweleza.”

Vyote viwili vilikuwa na maelezo yaleyale: “Hushughulikia oda.”

“Nikikuambia ushughulikie kuku, utamlisha au utamchinja?”

Emmah akafungua maelezo hayo kuyabadilisha. Nikamwambia aandike: “Hiki husoma oda iliyopo. Kitumie mteja akiuliza habari za oda yake. Hakibadilishi chochote.” Kwa kile kingine: “Hiki huandika oda mpya. Kitumie mteja akisema anataka kununua, na akubali idadi kwanza. Akiuliza tu, usikiguse.”

Emmah akairudisha oda kuwa mia moja, naye Mwongeli akamwandikia msaidizi tena: “Vifaranga wangu wako tayari?”

“Ndiyo. Ni mia moja,” msaidizi akajibu.

Emmah akashusha pumzi. Mwongeli akawatazama wale mia tatu.

“Na nilikuwa nimeanza kuwapenda.”

“Basi sema unanunua,” nikamwambia. “Kuuliza tu hakutoshi tena.”