Neno Moja Tu la Mama

Usingizi wa kuamkia leo umenichosha kuliko kufua. Niliota nimekaa sebuleni kwangu, hapa hapa Korogwe, nimeshika kile kidude alichoniletea mdogo wangu Shaibu kutoka Uturuki, nacho kinanitazama.

Kwanza nieleze, maana mtu akiisikia ndoto hii bila kujua ilikotoka ataniona nimerukwa na akili. Shaibu hulipwa kwa sarafu za mtandaoni. Pesa ya bati za nyumba ya mama iko huko huko mtandaoni, na leo ndiyo siku ya kuituma kwangu. Nyumba yenyewe ni kuta tupu tangu mwaka juzi. Mvua za vuli zinakuja, na mama analala kwangu, kila asubuhi akisema hana haraka. Ana haraka sana. Kidude hicho, kidogo kama kiberiti, ndicho cha kutunza ufunguo wa pesa hiyo, na nikikosea kukiandaa, bati hakuna. Hilo ndilo nililolala nalo kichwani.

"Nani amenifungua?" kidude kikauliza. Sauti yake ni ya mwalimu wa zamu.

"Mimi."

"Na kabla yako?"

"Hakuna. Lakiri ilikuwa nzima."

"Uliikagua, au uliitazama tu?"

Nikasema niliikagua. Kikashusha pumzi. Kikasema wako wenzake waliouzwa kwa bei ya kutupa, wakaingia nyumba za watu na maneno yao ya siri tayari yameandikwa kwenye kikaratasi, kumbe aliyewauza naye anayo. "Walisifiwa sana siku ya kwanza," kikasema. "Siku ya pili hapakuwa na kitu."

Nikasema pole. Kikasema asante.

"Sasa nakuletea maneno yako. Ni ishirini na manne. Yaandike kwa mkono, kwa mpangilio yanavyoingia. Usiyapige picha, usimwonyeshe mtu. Mimi nikifa, hayo ndiyo yatanirudisha. Akiyapata mwingine atachukua kila kitu, na sitamzuia. Mimi sijui sura za watu."

Hodi! Maneno yanaingia kwa miguu yao. Kijiko anatangulia, amevaa koti. Ngazi anainama asigonge fremu ya mlango. Mbuzi anafuata, halafu Kitunguu, halafu Jumatano, ambaye amechelewa na anaomba radhi. Nawakalisha mkekani mmoja mmoja, naandika. Karibu na mlango anakaa Ungo, mama mnene, mpole, mikono mapajani.

Anatokea mpiga picha wa harusi, sijui kaitwa na nani. "Wageni, tabasamu!" Namtoa kwa ufagio. Kidude kinatikisa kichwa kuonyesha kuwa kimeridhika, ingawa kichwa hakina.

Hapo ndipo anaingia Mama Kulthumu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Salha mwanangu, hujambo? Niazime ungo, nina mchele wa kupepeta."

Jamani, ningesemaje? Ungo ameshasimama, anajifunga kanga vizuri. Kwetu mtu hanyimwi ungo. Ukimnyima, hadi saa sita mchana mtaa mzima unajua una roho mbaya. Nikasema, "Chukua, mama, ila uurudishe." Wakaondoka wakiongea habari za bei ya mchele.

"Tunafanya jaribio," kidude kikasema, maana kilikuwa kimegeukia ukutani na hakikumwona Ungo akitoka. "Usiite pesa ya mama yako kabla hujajua unaweza kunirudisha. Mimi nakufa sasa. Uwaite kwa mpangilio."

Kikafa.

Papo hapo sebule ni uwanja wa msiba. Turubai limefungwa, majamvi yametandikwa, wanaume wamekaa upande wao.

"Alikuwa na betri?" mzee mmoja ananiuliza.

"Hakuwa nayo."

"Maskini. Wa hivyo hawakai."

Naanza kuita. Kijiko? Nipo. Ngazi? Nipo. Mbuzi anaitika kwa lugha yake, tunamkubalia. Nafika kwa Ungo. Kimya. Marehemu anafungua jicho moja. "Bila huyo sirudi," anasema, analifumba tena.

Natazama pembeni, namwona mama yangu, Bi Tatu, amesimama katikati ya nyumba yake isiyo na paa, ameshika mwavuli. Matone yanaanza. Ananipungia mkono kwamba hana haraka.

Nikatoka mbio kama mwizi. Uani kwa Mama Kulthumu pamegeuka ukumbi wa benki, na yeye yuko dirishani, amevaa tai.

"Ungo nimemwazima wifi yangu," anasema. "Naye kamwazima mke wa fundi cherehani. Kwani una shughuli gani nao saa hizi?"

Nilimkuta Ungo nyumba ya tisa, amebeba mchele wa watu, amechoka. Nikamshika mkono. Nyuma yangu wanawake wakapaza sauti: "Loo! Salha tangu apate kidude amekuwa mchoyo!" Iliniuma, lakini sikugeuka.

Kidude kikafufuka, kikatutazama wote wawili.

"Huyu kaonwa na mtaa mzima?"

"Ndiyo."

"Kundi lote hili halifai tena. Waage, tuanze upya."

Nikawaaga. Jumatano alilia. Kundi jipya lilipobisha hodi niliwaingiza chumbani, nikafunga mlango kwa komeo, nikaziba hata tundu la ufunguo kwa kitambaa. Majina yao siyataji. Kidude kikafa mara ya pili, safari hii bila kutangaza msiba. Nikaita kwa kunong'ona, wakaitika kwa kunong'ona. Limebaki neno moja la mwisho, na mlango unagongwa.

"Salha, mbona umejifungia?" Ni mama.

"Nina wageni, mama."

"Wageni gani mama yako asiowajua?"

Komeo likajifungua lenyewe, mama akaingia na mwavuli wake, maji yanamtiririka. Wageni wangu wote wakajifunika shuka.

"Mwanangu," akasema taratibu, "nimekuzaa, nimekunyonyesha. Sitaki yote. Niambie neno moja tu, nikae nalo."

Nampenda mama yangu. Namjua pia. Neno akiambiwa asubuhi, jioni liko kwa Mama Kulthumu, wala si kwa ubaya, ni kwa furaha ya kuwa nalo.

"Hapana, mama," nikasema. "Hata wewe."

Akaniangalia. Mkono wake alikuwa ameunyoosha, akingoja. Nikaliita neno la mwisho kimoyomoyo, likaitika, na kidude kikasema, "Nimerudi. Pesa ije." Bati zikaanza kupita dirishani zikiruka kuelekea kwenye nyumba ya mama, na mimi nikaamka nikilia.

Kulikuwa kumekucha. Kidude kilikuwa kwenye boksi lake, lakiri haijaguswa. Nilipotoka uani, mama alikuwa anachochea jiko.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akamgeukia paka. "Mwambie huyo chai iko pale."

Mama akikasirika huwa anaongea na paka, lakini jana tulilala tukicheka. Nikamuuliza nimekosa nini. Akamwambia paka sukari imekwisha, na kopo la sukari liko mbele yake, limejaa.

Simu ikaita. Shaibu. "Dada, uko tayari? Nitume?"

"Nipe nusu saa," nikasema. Nikakichukua kidude na kalamu, nikaingia chumbani, nikasukuma komeo.

Nje nikamsikia mama akimwambia paka, "Unaona? Neno moja tu nililomwomba usiku, na sasa ananifungia mlango tena."