Hedi Iliyoota Mvi

Umesh aliingia gereji ya Mama Nestory pale Kagongwa akisema jambo lake ni rahisi, na kwamba mafundi wote wa Kahama wamemwambia haliwezekani. Mama Nestory alimwambia akae chini kwanza, kwa sababu maneno hayo mawili hayakai kwenye gari moja.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, mvua za Elinino zimekwisha kuzitafuna barabara. Umesh alikuwa mtoto wa Mzee Jashvant, mwenye duka la vitambaa Kahama, na alikuwa na Toyota Levin ya zamani, gari dogo la mbio. Alilikimbiza bila oili mpaka konrodi, ule mkono wa pistoni, ikatoboa ubavu wa bloku, yaani mwili wa injini, na kuchungulia nje. Hedi, ile sehemu ya juu yenye valvu kumi na sita, ilitoka salama. Nyingine kama hiyo haikuwepo kuanzia Shinyanga mpaka ziwani.

"Tunatafuta bloku ya Toyota nyingine, kubwa kidogo," alisema Umesh. "Juu yake tunaweka hedi yangu. Inakuwa injini chotara, Mama Nestory. Nguvu ya huyu, mbio za yule. Wajapani wenyewe hawajaiuza dukani."

"Labda wana akili. Nani kakwambia?"

"Gazeti la magari. Binamu yangu Mihir kaniletea."

"Na mzee anasemaje?"

Umesh alitazama viatu vyake. "Gari lifike mlangoni pa duka kwa nguvu zake lenyewe kabla ya Pasaka. Lisipofika, analiuza chuma chakavu."

Pasaka haikuwa mbali. Mama Nestory aliichukua chaki. Stashahada yake ya ufundi wa mitambo, aliyoisomea akiwa na mimba ya Nestory, ilimfundisha kupima kabla ya kukata, na sakafu ya gereji ndiyo iliyokuwa ubao wake. Injini hizo mbili zilikuwa ndugu, kwa hiyo matundu ya bolti yangekubaliana. Bloku kubwa ilikuwa ndefu zaidi, hivyo mkanda wa taimingi ungetakiwa mrefu. Pistoni zingeweza kugonga valvu. Hilo angelipima kwa kubandika udongo wa mfinyanzi juu ya pistoni na kuizungusha injini kwa mkono. Alichora yote. Mpango ulikuwa mzuri. Hata yeye aliukubali, na yeye alikuwa mgumu wa kukubali.

Bloku ilikuwa machimboni, nje kidogo ya Masumbwe, kwa Makoye mwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Injini yake ya dizeli ilipomfia, Makoye aliinunua injini ya Toyota iliyopinduka, akaifunga kwenye karasha, ikawa inasaga mawe ya dhahabu. Sasa alikuwa amepata dizeli nyingine.

Walikwenda na pikapu ya Mama Nestory, hedi ya Levin ikiwa imefungwa kwenye blanketi katikati yao kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

"Mwangaluka, mayu," Makoye alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma bila kuinuka. Alikuwa ameikalia hedi ya ileile injini ya Toyota, aliyoifungua siku nyingi zilizopita na kuifanya kiti.

"Mwangaluka, baba. Tumekuja kuona bloku."

Bloku ilikuwa chini ya turubai, imepakwa vumbi la mawe mpaka haijulikani rangi. Mama Nestory aliifuta juu, akapima silinda, hakuona ufa. Kisha akaiweka hedi ya Levin juu yake. Matundu yalikubaliana yote. Umesh alipiga makofi mara moja, akajizuia.

"Niifunge na nini?" Mama Nestory alijiuliza kwa sauti. Kamba alizokuja nazo zilikuwa nyembamba. "Nakwenda Masumbwe kutafuta kamba. Umesh, hedi isiguswe na mtu."

"Sawa, Mama Nestory."

Aliporudi na kamba, bloku ilikuwa imeoshwa inang'aa, na hedi ilikuwa ndani ya karai. Kijana wa Makoye alikuwa akiisugua kwa brashi ya waya. Maji yalikuwa ya kijivu, na chini ya maji kulikuwa na kitu kinachotembea na kumetameta.

"Umesh."

"Ni maji tu, Mama Nestory."

"Hiyo ni zebaki."

Makoye alieleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Hapa machimboni mchimbaji husaga mawe yake, huchukua dhahabu yake, na vumbi linalobaki, yaani marudio, ni mali ya mwenye karasha. Bloku ilikula vumbi la karasha miaka. Hedi iliwekwa juu ya bloku, ikapata vumbi. Kwa hiyo vumbi lililo kwenye hedi ni lake, na vumbi huoshwa kwa zebaki ili dhahabu ishikwe.

"Nikaona ana haki," alisema Umesh. "Mali ya mtu ni mali ya mtu. Ungekuwa dukani kwetu ungesema vilevile."

"Dukani kwenu mnauza khanga. Hedi hii ni alumini, siyo chuma kama bloku. Zebaki ikiingia kwenye alumini iliyokwaruzwa, inaila. Itoe majini."

Waliitoa, wakaiweka juani. Kwa muda hakuna kilichotokea, na Umesh akaanza kutabasamu. Kisha, kwenye mikwaruzo ya brashi, zikaanza kuchipuka nywele nyeupe, laini, zikirefuka huku wakizitazama.

"Imeota mvi," alisema Makoye.

Umesh aligusa kidogo. Nywele zikaanguka, na chini yake alumini ilikuwa imelika. "Kuna dawa?"

"Hakuna."

Umesh alikaa chini kwenye tope na suruali yake ya dukani. "Basi Baba anauza."

Mama Nestory alimgeukia Makoye. "Zebaki yako imo ndani ya hedi hii, siyo?"

"Imo, mayu."

"Na dhahabu yako imo ndani ya zebaki."

Makoye alifikiri. "Itakuwemo."

"Basi tukiondoka nayo tutakuwa tumekuibia marudio."

Wachimbaji waliokuwa jirani walisogea kusikiliza. Makoye alimtazama kijana wake, kijana akatazama karai. Hapakuwa na pa kutokea.

"Mtakuwa mmeniibia," alikiri.

"Chukua hedi. Usiichome karibu na watu, moshi wake ni sumu. Sasa inuka."

"Niinuke?"

"Badala yake tutaondoka na hiyo uliyokalia. Haijaguswa na brashi."

Makoye aliinuka, akajipangusa nyuma kwa heshima.

Jumamosi Kuu, Levin ilifika mbele ya duka la Mzee Jashvant ikiwa na injini nzima ya karasha, hedi yake na bloku yake, bila uchotara wowote. Haikuwa na mbio. Ilinguruma kama inasaga mawe, na chupa kwenye dirisha la jirani ziligongana.

Mzee Jashvant alitoka, akasikiliza mpaka mwisho.

"Linatembea," alisema.

"Linatembea," alisema Umesh.

"Polepole."

"Wewe ulitaka litembee, mzee," alisema Mama Nestory akishuka. "Umesh, nenda kanunue oili."