Uji wa Nani

Vumbi la Nyarugusu huonekana vizuri likiwa ndani ya nyumba. Nje ni wekundu tu: unaukanyaga, unaumeza, unaupangusa usoni, basi. Lakini ndani, pale tundu la msumari kwenye bati linapopitisha mshale wa jua, vumbi hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, linametameta, na mgeni anaweza kudhani ni dhahabu. Mimi si mgeni. Vumbi lile nililishuku tangu siku ya kwanza.

Na wewe, Limi, siku uliyoletwa zahanati, mshale ule wa jua ulikupiga usoni, ukajifunika macho kwa viganja. Ndipo nilipoviona. Vyekundu, vimevimba, vinabanduka ngozi, kama viganja vya mtu aliyefua tangu alfajiri. Ulikuwa na miaka mitatu na hukuwa umefua chochote.

Ilikuwa themanini na tatu, mwaka wa kuficha. Sukari ilifichwa, sabuni ilifichwa, redio zilitupwa vichakani. Wahujumu uchumi walisakwa nyumba kwa nyumba, na dhahabu ya magendo ilisakwa kuliko vyote. Watu walijifunza kujibu swali kabla halijaulizwa. Mganga wetu wa zahanati alikuwa amekwenda masomoni, harudi wala haandiki, nikabaki mimi, Zipora, nesi mmoja mwenye daftari la serikali na kalamu ya serikali. Nani angeniambia kweli?

Lakini mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu Pantaleo husema nilizaliwa nikimkagua mkunga. Siombi radhi. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kusema kinachomuuma, mzazi husema anachotaka kisikike, na nesi yuko hapo katikati na shaka yake. Ndiyo kazi niliyoipenda.

Nilishuku malaria, nikakupa klorokwini. Nilishuku minyoo, nikakupa dawa, wakatoka wawili, wembamba, hawana hatia. Nilishuku njaa ya ugali mtupu, ile inayobandua ngozi, nikakutafutia karanga, dagaa, vidonge vya vitamini. Kila asubuhi nilikutia kipimajoto kwapani, nikakisogeza dirishani, nikausoma ule uzi wa fedha ndani ya kioo. Homa hakuna. Na bado jasho lilikutoka hadi shuka ikalowa, moyo ulikwenda mbio, miguu ililegea, ukajing'oa nywele, ukalia kilio cha mtu mzima aliyechoka. Ulinipiga pia. Nilifurahi uliponipiga, maana mtoto anayepiga bado yupo.

Kisha jambo likaanza kujirudia. Ulilala kwangu wiki mbili, ukaanza kula. Ukarudi kwenu, ukaletwa tena umebebwa. Nikakulaza, ukapata nafuu. Ukarudi kwenu, ukaletwa tena. Hapa nafuu, nyumbani ugonjwa. Hapa nafuu, nyumbani ugonjwa. Niliandika hivyo kwa penseli pembeni mwa daftari, nikayatazama maneno yale mpaka chai ikapoa. Kulikuwa na kitu nyumbani kwenu, na nyuma ya kitu hicho kulikuwa na mkono wa mtu.

Basi nikaanza kuwashuku watu. Nilimshuku mganga wa kienyeji, nikakuvua nguo nikitafuta chale mpya, sikuona. Nilimshuku mwenye duka la unga, nikaomba kibaba cha unga wenu, nikamlisha kuku wangu, kuku akanenepa. Nilimshuku bibi yako Paskazia, mama yake baba yako, kwa kuwa mikono yake ilitetemeka alipokukabidhi kwangu na macho yake yalitazama ukutani. Na mwisho, Mungu anisamehe, nilimshuku mama yako.

Kila nilipomuuliza mtoto anashinda na nani, anashinda wapi, mama yako alijibu, "Anashinda jikoni na bibi yake, anangoja uji." Mara ya kwanza hivyo, mara ya pili hivyo, mara ya tatu hivyo, neno kwa neno, kama mtu aliyefundishwa. Jibu likinyooka namna ile, mimi hupatwa na wasiwasi.

Siku ya jibu la tatu mama yako alikuwa amechoka hata hawezi kusimama. Nikaichukua mwenyewe khanga aliyokubebea, nikaifua kwenye beseni la zahanati, nikaikamua kwa mikono yangu miwili. Pindo lake lilikuwa zito, nikadhani ni mchanga. Kisha nikageuka, povu likinichuruzika, na mbele ya foleni nzima ya kina mama nikasema, "Mama Limi, mtoto huyu analishwa kitu huko nyumbani. Kama si wewe, basi unamjua."

Foleni yote ikamgeukia. "Mayu," alisema taratibu, akiniita mama kwa Kisukuma, heshima ambayo saa ile sikuistahili, "mimi nimezaa wanne, nimezika watatu. Huyu nimlishe nini?" Akaitwaa khanga ikiwa mbichi, akakufunga mgongoni, akaondoka. Ulikwenda umejifunika macho. Nilitaka kukutoa kwenye sumu, na kwa mdomo wangu mwenyewe nikakurudisha kwenye sumu.

Asubuhi yake, nikimimina chai, nikaiona pete yangu. Pete ya ndoa, njano, ya miaka kumi na mmoja. Ilikuwa na madoa meupe. Kufika mchana, nusu yake ilikuwa nyeupe kama kijiko. Kumbe nimevaa bati, nikasema moyoni, kumbe nimeolewa kwa bati. Nikamshuku Pantaleo, nikamwambia usoni. Alicheka, kisha akakasirika, kisha akasema niipeleke kwa sonara aliyeitengeneza nikamtukane na yeye.

Nilipanda lori la pamba hadi Geita, nikashuka mtaa wa Kalangalala, nikaingia kwa mzee Vinod. Nilimwekea pete mezani bila hata kumsalimu vizuri. Aliigeuza kwa koleo, akaikwangua kidogo, akaivulia miwani.

"Mama, umeshika zebaki wapi?"

"Sijashika zebaki."

"Umeshika. Zebaki inapanda juu ya dhahabu, dhahabu inakuwa nyeupe. Pete yako safi. Mume wako safi." Aliivuta taa yake ya moto, akasita, akairudisha. "Nikiichoma, zebaki itaondoka na moshi, njano itarudi. Lakini sichomi ndani. Baba yangu alichoma ndani miaka thelathini, mlango kafunga. Mwisho hawezi kufunga kifungo cha shati."

Nilikaa kwenye kigoda chake bila kukaribishwa. Khanga. Wachimbaji hukamulia kwenye kitambaa lile donge la dhahabu na zebaki kabla ya kulichoma; hata kuku wa Nyarugusu wanajua. Zamani walichomea nje, mwaloni wanakooshea mchanga wa dhahabu, kweupe. Mwaka ule walichomea ndani, ili mgambo wasione. Khanga iliyokamulia donge ndiyo iliyokubeba. Jikoni. Na bibi. Unangoja uji. Na zebaki ndiyo ileile niliyokutia kwapani kila asubuhi, ndani ya kioo, nikiiuliza habari zako.

"Niachie hivihivi," nilimwambia mzee Vinod, nikaivaa.

Nilifika kwenu saa sita, jua la utosi, na mlango wa jiko umefungwa. Nani hufunga mlango wa jiko saa sita, kuni zikiwaka? Nikapiga hodi. Nikasikia kikaango kikiburutwa, sufuria ikitua mahali pake. Ndipo nikakaribishwa. Mlango ulipofunguka jua liliingia pamoja nami, na vumbi ndani ya jua, na moshi ndani ya vumbi. Bibi Paskazia alirudi kwenye kigoda. Sufuria ya uji ilikuwa mafigani. Na wewe ulikuwa kwenye mkeka hatua moja kutoka motoni, kijiko mkononi, mkono wa pili umefunika macho.

Nikaelewa yote kwa pamoja. Hukuwekwa pale kwa bahati mbaya. Mgambo wakibisha, wanaona nini? Bibi, mjukuu, uji. Nani atamshuku mtoto anayengoja uji? Walikupenda, Limi, sitakudanganya. Bibi yako alikuwa akikupepea moshi kwa ncha ya khanga yake, akidhani moshi ule hauna ubaya zaidi ya wa kuni. Wewe ulikuwa pazia la nyumba nzima, na hakuna aliyejua kuwa pazia linaungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

Nilivua pete, nikaiweka kwenye kiganja chake kinachotetemeka. Alikuwa amechoma dhahabu tangu usichana wake, hakuhitaji sonara.

"Imepata wapi hali hii?"

"Kwenye khanga ya mtoto. Nilipoifua."

Akaitazama pete. Akakivuta kiganja chako, akakifungua, akakiweka karibu na pete. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, muda mrefu, kama mtu anayewatazama watoto wake walioiba. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Nje tutaonekana," alisema.

"Najua, bibi. Lakini mtoto asikae humu tena. Na hiyo khanga muizike."

"Na daftari lako?"

"Daftari ni juu yangu."

Kesho yake ulipelekwa Tinde, kwa wazazi wa mama yako, kwenye ng'ombe na upepo, ambako kinachochomwa ni mabua tu. Mimi nikakaa mbele ya daftari. Nikiandika zebaki, mgambo watafuata njia ya kalamu yangu hadi mlangoni kwenu. Nisipoandika, nimewanyamazia watoto wengine. Nikaandika: ugonjwa wa ngozi, sababu haijajulikana. Niliuandika uongo ule kwa mwandiko mzuri. Kisha nikatoka, siku baada ya siku, kila mlango wa jiko uliofungwa mchana nikapiga hodi, nikavua pete, nikawaonyesha kina mama na kuwaambia wawatoe watoto.

Mwezi haukuisha, mgambo wakabisha kwa bibi yako. Jirani aliyesikia ndiye aliyenisimulia. Bibi alikuwa peke yake. Sufuria ilikuwa mafigani kama kawaida. Mkubwa wao alifunua kifuniko, akatazama kushoto, akatazama kulia, akautazama mkeka mtupu.

"Uji wa nani, bibi?"

Bibi yako hakuwa na jibu. Miaka yote hakuwahi kulihitaji. Wakamchukua, pamoja na kikaango chake cha kuchomea dhahabu.

Na nani alikuwa ameonekana akizunguka kwenye majiko yaliyofungwa? Nani aliwaambia watu wawatoe watoto? Nesi mwenye kalamu ya serikali. Foleni yangu ilikauka, wakabaki wageni na wajawazito. Mama yako akiniona njiani alivuka upande wa pili. Nilitamani kulifungua daftari sokoni, kila mtu auone uongo niliowaandikia, lakini uongo ule ndio uliokuwa ukizilinda nyumba nyingine, nikalifunga kabatini. Mimi niliyemshuku kila mtu, nikajua sasa inavyokuwa. Iliniuma, Limi, iliniuma sana.

Bibi yako alikaa rumande miezi mitano. Siku aliyorudi nilimwona kisimani akijitwisha ndoo, na maji hayakumwagika hata tone. Mikono ilikuwa imetulia. Huko alikokuwa hakukuwa na moshi wa zebaki, kama vile Tinde. Ugonjwa wenu ulikuwa mmoja na tiba ilikuwa moja, kuondolewa nyumbani. Nilitaka kumwambia, nikafungua kinywa kabisa. Alinipita kama mtu anavyopita kisiki.

Na leo umerudi wewe. Ni siku ya kupima watoto, na zahanati ni hii moja tu, kwa hiyo mama yako amekuleta, lakini yeye amebaki nje, ametugeuzia mgongo. Umeingia peke yako, kwa miguu yako. Nimekuomba kiganja, umenipa kimoja ukaficha kingine. Ngozi yake mwenyewe, mistari yake mwenyewe, na kucha chafu za mtoto anayecheza. Nimekupima. Kilo kumi na nne na nusu. Nimeandika daftarini, na safari hii nimeandika kweli.

Tundu la msumari liko palepale. Mshale wa jua umekupiga usoni, na vumbi linapanda na kushuka kati yetu, linapanda na kushuka, na nimengoja viganja vyako viende machoni. Havikwenda.

"Ni wewe uliyempeleka bibi kwa mgambo?" umeniuliza.

Ningeweza kukuonyesha pete, iko hapa, nyeupe bado. Ningeweza kukuambia habari ya khanga na uji, lakini ukitoka hapo nje utaisema, na masikio ya Nyarugusu ni mengi. Nimekutazama tu, unavyonikazia macho ndani ya jua kali, yamefunguka yote mawili, hayapepesi, yananishuku. Nishuku, mwanangu. Miezi yote ile nilikuwa nakuombea macho hayo.