Cheni ya Magogo ya Mtoni

"Kama kuna mti ambao sijaupatia jino lake," Kipo alipenda kusema, viwiko vimelala juu ya kaunta kama vimepanga chumba, "basi mti huo bado haujaota."

Wateja walicheka. Walicheka kwa sababu Kipo alijua kuchekesha, na kwa sababu mtu anayesubiri kupimiwa oili hana sinema nyingine. Duka lenyewe lilikuwa jembamba na refu, linanuka grisi, na mle ndani waliuza vifaa vya chenso, ile misumeno ya petroli ya kukatia magogo. Kwenye ukuta mmoja zilining'inia cheni zenye meno, kama mikufu ya majitu. Kwenye ukuta wa pili yalikaa mabapa, vile vipande virefu vya chuma ambavyo cheni huzunguka juu yake, yamepangwa kwa kimo kama wanafunzi siku ya kupigwa picha.

Jina la Kipo alipewa na wapasuaji mbao. Uliza cheni, jibu "Kipo!" Uliza plagi, "Kipo!" Shule ya sekondari aliimaliza na ngeli alizijua, ila alisema hizo ni za darasani, dukani ngeli ni moja tu. Neno "hakuna" alilichukia kuliko panya. Ukimwambia mteja hakuna, alisema, umemchorea ramani ya duka la jirani.

Na haki ya mtu apewe, kazi aliijua. Mteja akiingia, swali la kwanza halikuwa ni mti gani. "Mti ni kama mgonjwa," aliwaambia. "Usimuulize jina, muulize amelala wapi." Kama gogo ni safi, limeangushwa juzi na halijagusa udongo, alikushushia cheni ya kona kali, ile yenye jino la pembe, inayopita kwenye mbao kama waya kwenye sabuni ya mche. Lakini gogo likiwa limeburutwa kwenye tope, au limelala mchangani, kona kali hufa upesi. Hapo alikupa jino la duara, linalokata polepole lakini halikati tamaa, na bapa fupi ambalo ncha yake ni chuma kitupu. Mabapa mengine huwa na kigurudumu kwenye ncha cha kusaidia cheni kugeuka. Mchanga ukiingia kwenye kigurudumu hicho, kwisha habari. Haya yote Kipo aliweza kuyasema huku anatafuna karanga.

Asubuhi aliyokuja Dada, dukani hakukuwa na mtu mwingine.

Dada ndiye aliyemlea Kipo tangu mama yao alipofariki. Alikuwa fundi cherehani, na hata akitoka nyumbani alisahau kuvua futi ya kitambaa shingoni. Vipande vya uzi vilimfuata kila aendako.

"Shemeji yako amenituma," alisema, hajaketi. Mumewe alikuwa mpasuaji magogo. Mafuriko yalikuwa yamesukuma miti mizima mpaka darajani, imebanana pale kama vijiti kwenye kiberiti, na yeye na mwenzake walipewa kazi ya kuikata ili maji yapate njia. "Anataka cheni ya jino la duara, na bapa fupi lenye ncha ya chuma kitupu. Nimekuja njia nzima nakariri kama mtoto aliyetumwa chumvi."

"Kipo!" alijibu ndugu yake, mkono umeshainuka kuelekea ukutani.

Msumari wa cheni za duara ulikuwa mtupu. Alitazama chini yake, kwenye mabapa mafupi. Nayo hayakuwepo. Alikuwa amepanga kuagiza, akapanga tena, kisha akapata hadithi tamu ya kumsimulia mteja fulani na mpango ukalala. Ng'ambo ya barabara, kwenye duka la jirani, mzee mmoja mwenye miwani, zilikuwepo. Alikuwa ameziona kwa macho yake wakati anafungua mlango. Ilihitajika sentensi moja tu: vuka barabara, Dada. Lakini sentensi ile hakuitoa, kwa sababu huyu hakuwa mteja wa kupita. Huyu alikuwa Dada, ambaye kwake Kipo alikuwa kijana mwenye kazi yake, asiyepungukiwa kitu.

Akashusha kona kali. Akashusha na bapa refu lenye kigurudumu, akavifuta vumbi kwa mbwembwe.

Dada aligusa jino moja kwa kidole. "Mbona lina pembe kama kola ya shati? Mimi nimeambiwa duara."

"Hii ni kaka yake duara. Ndiyo mpya."

"Na huku mbele? Si alisema kusiwe na kigurudumu?"

"Dada, nikija kwako nikakwambia sindano ya kushonea jinzi, utanisikiliza?"

"Nitakufukuza."

"Haya. Kila ndege na mti wake."

Dada alicheka, akampiga kofi la bega, akaondoka na mzigo umefungwa kwenye gazeti. Kipo alimsindikiza kwa macho mpaka kona, roho inamwambia jambo, naye akaizima kwa kuwasha redio.

Haikupita muda simu ikaita. Ilikuwa ni shemeji, na nyuma yake mto unanguruma.

"Shemeji, umenitumia nini? Hii siyo niliyoagiza. Magogo haya yana mchanga mpaka ndani ya maganda."

Hapo mlango ulikuwa bado wazi. Ng'ambo ya barabara yule mzee mwenye miwani alikuwa anapanga bidhaa zake barazani, na pikipiki ya kupeleka mzigo ilikuwa inaota jua tu.

"Shemeji, nawe! Mwanaume mzima unaogopa mchanga?" Kipo alisema. "Hiyo inatafuna mchanga, inatema matofali."

Shemeji alicheka. Alikuwa ni mtu wa kuchekeshwa kirahisi, na ndiyo maana Kipo alimpenda. "Una hakika lakini?"

"Anza kazi, bwana. Maji hayasubiri mtu."

"Haya. Naanza."

Yaliyofuata Kipo aliyasikia kwa watu, na kwa kuwa kazi aliijua, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Gogo la kwanza lilikatika vizuri. La pili, chenso ikaanza kutema unga badala ya vipande, na unga ni dalili kwamba jino limekufa. Shemeji akakaa chini, akanoa kwa tupa, akaanza tena, unga tena. Kwenye gogo la tatu, lile kubwa lililobeba mengine mgongoni, mchanga ukaingia kwenye kigurudumu cha ncha. Kigurudumu kikagoma, cheni ikasimama katikati ya mti, na msumeno ukabanwa humo nusu umeingia. Mwenzake, aliyekuwa anasukuma magogo kwa mtaimbo, alimpigia kelele auache. Shemeji aliinama kuung'oa. Chenso ndiyo jembe lake, angeiachaje? Gogo lile lilipasuka lenyewe kwa uzito, na rundo zima likashuka.

Walimtoa kwa kamba na kelele nyingi. Walipofika hospitali, hapakuwa tena na haja ya kukimbia.

Dada ndiye aliyempigia Kipo. Hakulia. Alisema tu, "Njoo," kisha akasahau kukata simu, na Kipo akabaki anasikiliza watu wakiburuta viti.

Sebuleni cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani, imefunikwa shuka. Viti vilijaa. Baba wa marehemu, mzee aliyekuwa makanika maisha yake yote, alikaa karibu na dirisha akizungusha kofia mikononi. Chenso ilikuwa imeletwa na waliomtoa shemeji mtoni. Ilikuwa imelala ukumbini na tope lake, na kila aliyeingia aliiruka. Mzee alikuwa ameshaichungulia.

"Mimi sitafuti ugomvi," alisema. "Nataka kuelewa tu. Mwanangu amekata miti tangu hajaota ndevu. Cheni ile kwenye mchanga asingeifunga kwa akili yake. Alipewa na nani?"

Shangazi wa marehemu alijibu kabla hajaulizwa. "Si mkewe ndiye aliyekwenda dukani?"

Vichwa viligeuka. Dada alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea cherehani yake.

"Nilitumwa mimi," alisema. Sauti ilikuwa imechakaa. "Nilimwambia ndugu yangu kama nilivyoambiwa. Nadhani. Labda njiani nilichanganya. Mimi sivijui vyuma."

Akamtazama Kipo. Hakuwa anamshitaki, alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyepotelewa na kitu na anayemwomba mwenzake amsaidie kukitafuta. Nyumba ile ilikuwa ya wakwe zake. Neno moja lingemfanya aishi humo kama mjane wao, au kama mwanamke aliyemuua mtoto wao.

Kipo alisikia ulimi wake ukianza kazi kabla yake.

"Mzee wangu, dukani anayesema ni mteja," alianza, taratibu, kwa ile sauti ya kaunta. "Dada alisema kona kali. Nikamuuliza, nikamuuliza tena. Tusimlaumu jamani, kila mtu na fani yake, angekuja na mishono hapo sawa. Mtu akichanganywa na haraka..." Angeweza kukomea hapo. Lakini Kipo hakuwahi kujua pa kukomea. "Na hata marehemu mwenyewe hakuniambia kitu. Angenipigia, wallahi ningembadilishia saa ile ile."

Shangazi alisonya, sonyo refu, la kuelekea sakafuni alipoketi Dada. Mwanamke aliyekuwa bega kwa bega na Dada alijisogeza kidogo. Dada aliinamisha kichwa, akaanza kuokota vipande vya uzi kwenye kanga yake, kimoja kimoja.

"Samahani wazee."

Aliyesema alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umefungwa bendeji na kutundikwa shingoni, viatu ameshika kwa mkono wa pili. Ndiyo kwanza anatoka hospitali. Watu wa nyumba walimtambua: ni yule mwenzake wa mtaimbo. Kipo hakuwahi kumwona.

"Huyu kijana anayeongea ni nani?"

"Ni ndugu wa mjane," mzee alijibu. "Wa dukani."

"Ongea tena kidogo, kaka."

"Niongee nini?" alisema Kipo.

"Basi. Inatosha." Yule mtu aliviweka viatu chini. "Mwenzangu alikupigia. Mikono yake ilikuwa tope tupu, kwa hiyo simu nilimshikia mimi, spika imefunguliwa. Alikwambia siyo aliyoagiza. Alikwambia magogo yana mchanga. Wewe ukamtania, ukamwambia aanze." Alitazama sakafu. "Hata mimi nilicheka."

Kofia ya mzee iliacha kuzunguka. Nje mtu alikuwa anachota maji, ndoo inagonga ukingo wa pipa.

Dada alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama ndugu yake vile anavyotazama mshono ulioachia, kuona umeanzia wapi.

"Mpishe mgonjwa kiti," alimwambia.

Kipo alisimama, mgonjwa akaketi, na kwa kuwa wengine wote walikuwa wameketi, hakukuwa na mtu wa kujificha nyuma yake.