Konde Tambarare

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, binti alimtia mjomba wake dawa ya macho. Mjomba alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaegemeza kichwa ukutani na kuzishika kope zake mwenyewe kwa vidole viwili, maana hakumwamini mtu yeyote na kope zake. Presha ya macho ilikuwa imemla pembeni, na sasa aliitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mdomo, hata hivyo, ulikuwa mzima.

"Mnara, naomba ruhusa ya kutua," alisema kila tone lilipokaribia.

"Ruhusa imetolewa," alijibu binti, na tone likadondoka.

Jicho la kulia lilikwenda salama. Alikuwa ameliinamia la kushoto mjomba aliposema, kama anayezungumzia bei ya sukari, "Nimenunua gemu yenu."

Tone likaangukia shavuni.

"Umekosa kiwanja, mwanangu. Hilo ni shavu."

"Umenunua wapi, Mjomba?"

"Wapi tena? Si hapo hapo mtandaoni mnapouzia. Mama yako kanifungulia akaunti, tukatafuta, tukalipa, ikajipakua mpaka chai ikapoa. Hivi sasa naitwa Rubani Mstaafu. Mkinitafuta, nitafuteni kwa jina hilo."

"Nilimwambia neno la siri usinitajie," mama alidakia kutoka kwenye sinki la vyombo, "akalitaja kwa sauti mpaka jirani kalisikia."

"Si ningekupa bure," binti alisema. Alikuwa anajifuta vidole kwenye sketi bila kujua kwa nini.

"Bure? Mtoto wangu auze kitu, mimi nikichukue bure? Usinitukane. Jana nimefanya lile somo la kupaa na kutua. Zuri kweli! Mtetemo upo, mlio wa matairi upo. Leo naanza zile safari zenyewe."

Binti alilitia jicho la kushoto tone jingine, akakosea tena, akatia la tatu. Kati ya safari zilizokuwamo kwenye gemu ile, moja iliitwa Mvua ya Alasiri, na ilikuwa ya mjomba.

Mjomba alikuwa amemsimulia siku walipokaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari wa macho. Pengine ni lile giza la dawa ya kupanua mboni lililomlegeza ulimi. Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya injini moja, amebeba mizigo, na kiti cha pembeni yake alikaa fundi wake wa ndege, rafiki aliyekula naye sahani moja tangu ujana. Walikuwa wametoka tu kupaa, mvua ikaanza, na injini ikazimika. Fundi akapiga kelele, "Mbele! Nenda mbele!" Mbele kulikuwa na konde. Lakini katika mvua ile mjomba aliona, au alidhani ameona, mitaro na miti, akakata kona arudi kiwanjani. Ndege haikufika. Bawa la upande wa fundi ndilo lililotangulia chini.

"Hayo yabaki hapa kwenye benchi," mjomba alikuwa amesema, akimpapasa mkono. Naye alikuwa ameitikia.

Hayakubaki kwenye benchi. Kazini walikuwa wanatafuta safari moja ya kusisimua, itakayokaa kwenye picha ya kwanza ya ukurasa wa duka, na siku ile kila mtu alikuwa amekwisha kusema lake isipokuwa yeye. Aliyasema maneno machache, akiangalia meza. Chumba kizima kikanyamaza. Hakuwahi kunyamazisha chumba maishani mwake. Bosi alipouliza, "Na mjomba wako ametoa ruhusa?" alitikisa kichwa kukubali. Hakutamka neno. Tangu hapo alikuwa akijiambia kwamba hakusema uongo, maana hakufungua mdomo, lakini hata yeye maneno hayo hayakuwa yanamwingia.

*

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira ilipanda ngazini hadi kwenye nguo. Walikuwa watatu: bosi, mrefu wa kugusa fremu ya mlango, aliyelala na kuamka na idadi ya mauzo; mwandishi wa programu, mama wa makamo waliyemwita Shangazi kwa kuwa ndiye aliyewajibu wateja wakorofi; na yeye. Kazi yake ilikuwa kuchora ardhi: milima, mito, barabara, mapaa ya nyumba, kila kitu rubani atakachokiona akitazama chini. Kwa hiyo wakamwita Bibi Shamba.

"Bibi Shamba, mbona leo umenyauka?" Shangazi aliuliza. "Mbolea haijafika?"

"Nilikuwa nataka kuuliza," alisema. "Ile safari ya mvua. Hivi... tunaweza kuiondoa?"

Bosi aligeuka na kiti chake chote. "Kuiondoa? Mwenzetu unaumwa? Hiyo ndiyo inayouza! Fungua ukurasa wetu dukani, soma maoni ya watu. Tukiitoa leo, kesho wote wanadai warudishiwe pesa, na duka linawarudishia bila hata kutuuliza."

"Tena wameshaipatia dawa," Shangazi alisema, akisogeza skrini yake. "Msikilize huyu. 'Msihangaike kurudi kiwanjani, mtakufa bure. Injini ikizima nyoosha mbele, kuna konde limelala kama kitanda cha bwana harusi.' Watu kibao wamempigia kura kwamba maoni yake yamewasaidia. Mimi mwenyewe nimetua pale nikiwa nakula karanga."

Wakacheka. Binti alitabasamu kwa midomo tu.

Alirudi kwenye meza yake na kufungua picha ya asili, ile ya satelaiti aliyoitumia kuchora. Hakuwa ameitazama muda mrefu. Kiwanja kidogo kilikuwa pale na njia yake moja ya kurukia, tangi la maji pembeni, na mbele ya njia lile konde. Mitaro mirefu ya zamani, iliyojengwa kwa mawe, ililikata kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati ya mitaro, miti minene ya miaka mingi.

Alikumbuka vizuri. Majaribio ya kwanza, kompyuta za watu wa kawaida zilikuwa zinakwama pale pale, ndege ikiinamia konde katika mvua. Miti mingi mno, vivuli vingi mno. Shangazi alikuwa amemwambia, "Punguza vitu, mashine inakata pumzi." Naye akafuta miti. Bado ikakwama kidogo, akafuta na mitaro, akapaka juu yake kijani kimoja, laini. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Hakuwaza kwamba kuna mtu anayelijua konde lile. Na ukurasa wa dukani, kwa maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe, uliendelea kusema: ardhi yote halisi, kutoka picha za satelaiti.

Pembeni ya skrini, mahali ambapo duka linaonyesha marafiki zako wanacheza nini, kulikuwa na jina jipya. Rubani Mstaafu. Chini yake: anaruka sasa, Mvua ya Alasiri.

Alilitazama jina lile kama mtu anayetazama maziwa yanayokaribia kufurika. Akaenda kuosha uso, akarudi. Lilikuwa pale pale. Chakula cha mchana kikaja kikaondoka. Mjomba alikuwa bado yumo ndani ya mvua ile.

"Shangazi," alisema mwishowe, "nikirudisha mitaro na miti, toleo jipya linaweza kutoka lini?"

"Kesho, kesho kutwa. Kwani kuna nini?"

"Kuna mtu anaicheza."

"Ndiyo tunachotaka, mama, waicheze." Kisha Shangazi akamtazama vizuri, akaondoa miwani. "We mtoto, nenda nyumbani. Nitamwambia huyu mrefu kwamba tumbo linakusokota."

*

Jua lilikuwa bado kali alipofika. Mama alimpokea mlangoni na kidole mdomoni.

"Tangu asubuhi hajanyanyuka pale," alinong'ona. "Hajala. Nilimwambia macho hayo yatamtoka, akaniambia nifunge mlango wa ndege."

Sebuleni mapazia yalikuwa yameshushwa. Mjomba alikuwa amesogeza kiti mpaka karibu aguse televisheni kwa pua, kijiti cha kuongozea kimebanwa katikati ya magoti. Kwenye skrini, ndege ndogo ilikuwa imesimama katikati ya kijani kibichi, nzima kabisa, mvua ikiishukia taratibu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa.

"Nilijua ni wewe nilipoliona tangi la maji," mjomba alisema. Hakugeuka. "Nikasema, ahaa. Yale ya kwenye benchi yameota miguu."

"Mjomba, mimi..."

"Hilo tutaliongea. Nitakugombeza, usiwe na wasiwasi, zamu yake itafika." Alinyoosha kidole kwenye skrini. "Kwanza tazama hapa. Mara ya kwanza nilikata kona kama nilivyofanya, nikaanguka. Nikasema sawa, ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikasema hebu nimsikilize mwenzangu. Nikanyoosha mbele. Nimetua, mwanangu. Nimerudia na kurudia, kila mara natua. Kikombe cha chai kisingemwagika."

"Ni gemu tu, Mjomba."

"Leo imekuwa gemu tu? Si wewe uliyenifokea kwamba nisiite gemu, ni mafunzo ya urubani? Dukani mmeandika ardhi halisi. Satelaiti haiogopi, wala haina maji machoni. Imeliona konde kama lilivyo. Mimi niliona miti kwa sababu niliogopa." Akaigonga skrini kwa ukucha. "Alisema mbele. Alisema mara mbili."

Binti alifungua mdomo. Angesema nini kwanza? Akisema alifuta mitaro, mjomba atajua kwamba alikaa na kifo cha rafiki yake mezani akakirekebisha ili mashine isikwame. Na akishasema hilo, kazini nako watajua kwamba ruhusa haikuwahi kuwepo. Alitamani mtu mwingine aje aseme, mama, Shangazi, hata jirani aliyelisikia neno la siri.

Mjomba alikuwa ameshachukua simu. Aliileta karibu na lile bomba lake la kuonea, akabonyeza.

"Unampigia nani?"

"Shemeji."

Ndivyo alivyomwita mjane wa fundi. Kila walipoonana, mama yule alimshika mkono mjomba kwa mikono yake miwili.

"Mjomba, subiri kidogo."

"Nimesubiri miaka. Siku ya msiba aliniuliza, akasema, shemeji niambie ukweli, kulikuwa na pengine pa kutua? Nikamwambia hakukuwa. Akanishukuru. Umesikia? Alinishukuru, na mumewe yuko ndani ya sanduku." Akamalizia kubonyeza namba. "Lazima ajue nilimdanganya. Afanye na mimi atakavyo."

Simu iliita. Mjomba aliiweka kwenye kipaza sauti, maana masikio nayo hayakuwa ya kuringia. Iliita tena. Mama alisimama kizingitini na kitambaa cha vyombo mkononi, akimtazama mmoja, akimtazama mwingine, bila kuelewa.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye furaha. "Shemeji! Ndiyo umenikumbuka leo? Nilidhani umeruka umepitiliza."

"Shemeji," mjomba alisema. "Uko peke yako? Kaa chini. Nina jambo ambalo..."

"Konde si kweli!"

Alishtuka mwenyewe. Hakujua kwamba alikuwa na sauti kubwa kiasi kile. Mjomba aligeuka, akamtafuta kwa macho, akampita, akarudi akampata.

"Nani huyo?" simu iliuliza. "Shemeji, kuna nini huko?"

"Ni mimi, Mama," binti alisema, na sasa machozi yalikuwa yakimshuka lakini sauti haikurudi nyuma. "Mwana wa dada yake. Mjomba, konde halikuwa hivyo. Nimelitazama leo kwenye picha yenyewe. Lina mitaro ya mawe, ya zamani, upande hadi upande, na miti mikubwa katikati. Ndege isingepona pale. Niliifuta mimi. Kompyuta za watu zilikuwa zinakwama, nikaona ni miti tu, ni mitaro tu, nikapaka kijani. Sehemu nyingine zote ni za satelaiti, hilo konde ni la kwangu. Ulichokiona kwenye mvua ndicho kilichokuwepo. Hukumdanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi. Uliniambia yabaki kwenye benchi, nikayachukua nikayauza, na waliponiuliza kama umeniruhusu nikakubali. Sikukuomba, Mjomba. Niliogopa ungekataa."