Baridi ya Mgange

Kamati ya utafiti wa magonjwa iliposhuka Voi kwa gari moshi kutoka Nairobi, Thadeus Mwandawiro alikuwa ameshaandika maombi yake ya fedha mara mbili na mara mbili yakagonga mwamba. Mara ya kwanza hawakumjibu kabisa. Mara ya pili walimjibu kwamba fedha za serikali zinakwenda kwenye Hali ya Hatari, kupigana na waasi, na kwamba ingekuwa vyema mwalimu wa hesabu aendelee kufundisha hesabu.

Thadeus alikuwa amesoma Makerere, akarudi kwao Taita kufundisha shule pale Bura. Makerere ndiko alikosikia kwamba malaria inaweza kufuatwa kwa hesabu. Ukijua mbu ni wengi kiasi gani ndani ya nyumba na wanaishi muda gani, ukijua joto la mahali na watu wangapi wana vijidudu damuni, waweza kusema homa itapanda wapi na lini. Jambo hili lilimkosesha raha, kwa sababu aliwajua watu wake. Watu wa chini, walioumwa na mbu tangu wakiwa wachanga, homa iliwalaza kisha wakainuka. Watu wa milimani iliwakuta hawana kinga, ikawazoa. Na kila masika vijana waliokwenda kukata mkonge huko chini walirudi makwao kulima, nayo homa ikirudi nao.

Mwenzake katika kazi hii alikuwa Jeconia Okoth, Mjaluo aliyeletwa na kazi ya mkonge na sasa alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika zahanati ya shamba moja kati ya Mwatate na Voi. Okoth alikuwa na hadubini kuukuu ambayo kioo chake kilikuwa na ufa. Siku za mapumziko Thadeus aliteremka kwa baiskeli, wakakaa pamoja, mmoja akichungulia damu na mwingine akiandika.

"Mwalimu, hawa watu wako wa milimani wanakwisha," Okoth alikuwa akisema bila kuinua jicho. "Andika tena. Wakikataa, andika tena."

Basi siku kamati iliposhuka Voi, Thadeus alivaa koti lake la harusi, akasimama mbele ya wazungu watatu katika chumba kilichokuwa na joto la kuchemsha maji. Mwenyekiti alikuwa daktari mzee, mpole, na kilichomuuma Thadeus zaidi ni kuona kwamba maombi yake ameyasoma yote, na ameyaelewa.

"Hesabu yako ni nzuri, Bwana Mwandawiro," alisema. "Lakini unaomba mishahara ya watu wa kukamata mbu majumbani. Nyakati hizi, serikali itakubali watu wazunguke nyumba hadi nyumba?"

"Machifu watawachagua wenyewe, Bwana Daktari."

"Na vipimajoto hivi vyote?"

"Mbu hawezi kukomaza vijidudu penye baridi kali. Mahali homa itakapokomea panategemea joto. Mimi ninacho kipimajoto kimoja tu, cha shule, kiko Bura. Huko juu, Mgange, nakisia tu."

Mzee alivua miwani akaifuta. "Hapo ndipo shida ilipo. Hesabu hii haijajaribiwa mahali popote. Unasema mvua zikizidi masika haya, homa itatoka mashambani, ipite Bura, ipande mpaka vijiji vya juu yake. Haya, tungoje tuone. Ikitokea ulivyosema, kamati itakuwa na sababu ya kukupa fedha."

Thadeus alidhani hajasikia vizuri. "Bwana Daktari, ikitokea nilivyosema, watu watakuwa wamekufa."

Mzee alivaa miwani yake tena, akasema, "Najua. Samahani. Fedha za umma hazitolewi kwa utabiri."

Nje, Okoth alikuwa amesimama kivulini, kofia mkononi. "Wamesemaje?"

"Wanataka maiti kwanza," Thadeus alisema, akapanda baiskeli yake.

Mvua zikaja mapema, zikakataa kwisha. Makorongo yaliyokuwa makavu yakawa mito, na kila shimo la kwato za ng'ombe likawa na maji yake na mbu wake. Thadeus alimwendea chifu, chifu akamuuliza kama serikali imetoa amri, haikuwa imetoa. Aliwaendea mapadri, wakampa kwinini kidogo na baraka. Kila asubuhi alipoita majina ya wanafunzi alitazama madawati, na siku moja akajigundua: alikuwa akitafuta lililo tupu. Ndani yake alikuwamo mtu aliyengoja, na alimchukia mtu huyo, lakini hakuweza kumfukuza.

Jioni hiyo alimwambia mkewe, Wakio, amchukue binti yao Mable wapande Mgange kwa bibi yake mzaa mama.

"Baba Mable, maharagwe yanataka kupaliliwa," Wakio alisema. "Nani atapalilia?"

"Yaache yaliwe na magugu. Mgange ni baridi. Homa haifiki kule."

"Una hakika?"

Alikumbuka alivyokuwa akitetemeka huko utotoni alipotumwa kwa shangazi yake, ukungu mpaka saa sita, watu wamejifunika mablanketi mchana. "Nina hakika," alisema.

Mable alipanda akibebwa mgongoni, akigeuka kumpungia mkono baba yake mpaka walipoingia migombani.

Homa ikafika Bura. Wazee ndio walioanza, kisha watoto. Okoth alimwomba meneja wa shamba ruhusa, akapanda na mkoba wa klorokwini, wakazunguka nyumba kwa nyumba. Dawa iliwatosha wachache. Kilichobaki kufanywa kilikuwa kuwashika vichwa wagonjwa na kuwanywesha maji. Kisha Thadeus aliandika. Kila alipoandika aliona homa ikitembea pale pale alipoichorea njia, wiki ile ile, na mara moja, akiwa ametoka kwenye nyumba ya maombolezo, moyo wake uliruka kwa furaha ya mtu aliyepata jibu. Alijificha nyuma ya zizi, wafiwa wasimwone uso.

Alikuwa huko Donald alipomkuta. Donald alikuwa ndugu wa Wakio, na alikuwa ameteremka mlima mbio, matope mpaka kiunoni.

"Shemeji, njoo. Mtoto anachemka."

Walipanda watatu, Okoth na mkoba wake akiwa nyuma. Thadeus alitokwa na jasho, akadhani ni hofu. Lakini walipofika juu jasho halikukauka. Ukungu haukuwapo. Hewa ilikuwa nzito, ya vuguvugu, kama ya Bura. Kando ya njia watu walikuwa wamechimba vidimbwi vya kunyweshea kabichi za kupeleka soko la Voi. Alisimama penye kimoja. Chini ya maji viluwiluwi vya mbu vilijipinda na kujinyoosha, vingi ajabu.

"Mwalimu, twende," Okoth alisema, akamshika mkono.

Mable hakumtambua baba yake. Okoth alimdunga kwinini, akamfuta mwili kwa maji, akasubiri. Wakio alikaa na miguu ya mtoto mapajani mwake, akiisugua kana kwamba imeingiwa na baridi. Alasiri degedege lilimshika mtoto, likamwachia, likamshika tena, na mara hii lilipomwachia hakuvuta pumzi. Okoth alisikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mvua zilikuwa zimeikata njia ya kwenda chini, kwa hiyo wakamzika huko huko, upande wa juu wa shamba la bibi yake.

Baada ya kiangazi kuingia, Thadeus aliitwa Voi. Daktari mzee aliinuka, akampa mkono.

"Imelingana," alisema. "Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, sijaona hesabu ikafuatana na ugonjwa namna hii. Kamati imekubali kila ulichoomba. Umekosea mahali pamoja tu, Mgange. Tungependa uanzie hapo. Una maelezo ya wagonjwa wa kule?"

"Ninayo ya mmoja," Thadeus alisema.

Mzee alikuwa ameshika kalamu. Alimtazama, akaiweka chini polepole, uso ukambadilika. Thadeus alisikia mdomo wake ukisema asante, akatoka.

"Utachukua fedha?" Okoth alimuuliza stesheni.

"Wewe ungefanyaje?"

"Masika yatarudi, Mwalimu. Ningechukua." Kisha Okoth akaangalia pembeni. "Lakini mimi sikuzaa yule mtoto."

Alichukua. Na kabla ya kazi kuanza alipanda Mgange kumwomba Wakio arudi nyumbani, kwani tangu mazishi alikuwa amebaki kwa mama yake. Alimkuta akichuma njegere. Alimweleza habari za fedha, maana hakutaka azisikie kwa mtu mwingine. Wakio aliendelea kuchuma.

"Hivyo vipimajoto wangekupa mwanzoni," alisema, "ungejua huku si baridi tena?"

"Ningejua."

"Na siku ile uliponiambia una hakika?"

Angeweza kusema mengi. "Nilikuwa nakisia," alisema.

Wakio alikung'uta maganda kutoka kwenye kanga yake. Tangu Mable azaliwe hakuwa amemwita mumewe kwa jina, lakini sasa alimwita.

"Thadeus, nenda kafanye kazi yako. Wako watoto wa watu wengine. Mimi nitakaa huku."

"Mpaka lini?"

Wakio alihamia tuta la pili, akainama. Thadeus alingoja hadi jua likawa kali kichwani, kisha akaanza kuteremka kuelekea Bura, ambako vijana wa chifu walikuwa wamekwisha kukusanyika wapangiwe nyumba za kukamatia mbu.