Waya wa Iyula Haukukatwa

Ipyana, mlinzi wa ghala la kahawa la Iyula, alikuwa na siku ya tatu mahabusu, na kosa lake lilikwishaandikwa: kakata waya wa mtandao akauze shaba. Kwa sababu ya waya huo, walisema, bei mpya, iliyopanda, haikufika Iyula, na wakulima wakauza kahawa yao kwa bei ya zamani siku mbili nzima.

Roda, fundi wa mtandao wa mnunuzi wa kahawa hiyo, alikisikia kisa hicho kama mtu anayesikia wimbo wa utotoni. Mwaka tisini na tano, ushirika ulipokwisha kuvunjwa miguu na wanunuzi binafsi wakajaa Mbozi, mzani wa kijijini kwao ulipunja wakulima, na aliyefungwa alikuwa baba yake, mbeba magunia. Mwenye mzani akajenga ghorofa. Hawa watu hawakosi mnyonge wa kumbebesha.

Sasa alikuwa ofisini kwa mnunuzi, Tunduma, kompyuta yake imeunganishwa na ruta, kifaa kinachopeleka mtandao kwenye maghala. Kazi hii hakufundishwa na mtu. Aliiokota kwenye vitabu chakavu na ruta mbovu zilizotupwa. Aliandika amri ya kuorodhesha milango ya ruta, kila mlango na waya wake. Mlango wa Iyula ulisomeka: administratively down.

Akasoma tena. Waya ukikatika, ruta huandika down, yaani umezimika, basi. Neno hilo la ziada, administratively, huja pale tu mtu anapoingia kwa nywila na kuuamuru mlango ufungwe. Na nywila walikuwa nayo wawili: yeye na meneja, Zabron.

Zabron alikuwa amesimama nyuma yake.

"Dada Roda, fungua tu, mambo yaishe."

"Yaishe kwa nani, bosi?"

"Njia irudi. Tutasema waya umeungwa."

"Na Ipyana?"

"Ana ndugu, watamtoa." Akainama karibu. "Wenye nywila ni mimi na wewe. Ukipiga kelele, unadhani atakamatwa nani?"

"Jumatatu, siku njia ya Iyula ilipofungwa, nilikuwa Msangano kutwa nzima, msibani, nasonga ugali. Wanawake arobaini waliniona. Wewe ulikuwa wapi?"



Roda aliandika amri ya kuufungua mlango, kidole kikabaki juu ya kitufe. Akibonyeza peke yake, maneno yale yatabadilika, na kesho wataapa kwamba waya uliungwa usiku. Akainuka, akawaita wakulima wa Iyula waliokuwa barazani tangu asubuhi wakidai majibu. Wakaingia wanne, kofia mikononi. Mama Tabita, mwalimu mstaafu, alisoma kioo herufi kwa herufi. Mzee Jonasi akanakili kwenye karatasi, pamoja na saa, na wote wakatia saini.

"Haya, utazameni huo waya uliokatwa," Roda akasema, akabonyeza.

Mstari ukabadilika: up, njia iko wazi. Akapiga simu ghalani Iyula.

"Bei inasomeka," sauti ikajibu.

Hakuna aliyeshangilia. Zabron alinyoosha mkono.

"Funguo za ofisi."

Roda aliziweka mezani, akaikunja ile karatasi na kumkabidhi Mama Tabita. Wakatoka wote watano kwenda kituo cha polisi alikofungiwa Ipyana, hatua za haraka. Baba yake Roda, mwaka ule, hakupata hata karatasi moja ya kumtetea.